Hiyo mbili ni ya nini? Kumsikiliza mwanafunzi kupitia video fupi

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, la kufungulia kipindi cha asubuhi. Gari limetoka Mombasa likishika njia ya Malindi. Saa ya kwanza limekwenda kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa. Saa ya pili barabara imejaa, limekwenda kwa kilomita 40 kwa saa. Kasi yake ya wastani ni ngapi? Wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu wakaniletea madaftari yenye mstari ule ule: 60 jumlisha 40, gawanya kwa 2, jibu 50. Nikawatilia vyema wote wawili.

Siku ya pili nikamwita kila mmoja kwa wakati wake kwenye chumba cha vitabu. Nikaiweka simu yangu ikitazama daftari, nikamwambia aueleze mstari ule kwa dakika moja, kisha nikatoka nje. Wa kwanza alisema hivi: "Hii sitini ni kilomita za saa ya kwanza. Hii arobaini ni kilomita za saa ya pili. Jumla kilomita mia. Na hii mbili ni saa mbili." Wa pili alisema: "Nimejumlisha kasi zote, nikagawanya kwa mbili, sababu kasi ziko mbili."

Itazame hiyo mbili. Kwa kijana wa kwanza ni saa, kitu kilichopita katika safari. Kwa wa pili ni idadi ya namba alizozikuta kwenye swali. Huyu wa pili mpe gari lililokwenda Malindi kwa kasi ya 60 na kurudi kwa kasi ya 40, ataandika 50 tena, na safari hii atakosa. Chukulia ni kilomita 120 kila upande: kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla kilomita 240 kwa saa 5. Wastani ni 48. Daftari lake lilikuwa limeniambia kwamba anajua, na mimi nikaliamini.

Kumtaka mwanafunzi wa sekondari ajirekodi akieleza hoja zake ni jambo ambalo walimu wengi wanalisikia lakini wanalichanganya na mengine. Si masomo ya video, kwa maana hapo anayerekodiwa ni mwalimu na mwanafunzi ndiye mtazamaji. Si maonyesho ya kusimama mbele ya wageni siku ya wazazi. Wala si mtihani wa mtandaoni. Ni dakika moja au mbili za mwanafunzi kusema kwa nini alifanya alichofanya, na mwalimu kukaa baadaye na kusikiliza. Kazi yote imo katika hilo "kwa nini", na ndipo pia mambo yanapoharibika.

Jibu sahihi linaweza kuficha

Mwaka 1973 mtafiti Stanley Erlwanger alichapisha mahojiano yake na mvulana wa Marekani mwenye umri wa miaka 12, aliyempa jina Benny. Benny alikuwa akisoma hisabati kwa mpango ambao kila mtoto anajifanyia kazi zake peke yake, anasahihishiwa kwa kulinganisha majibu na ufunguo, na akifikisha alama iliyowekwa anasonga mbele. Alihesabiwa miongoni mwa wanaoendelea vizuri. Erlwanger akakaa naye na kumwuliza anavyofikiri, akakuta kijana amejitungia sheria zake mwenyewe. Kugeuza 5/10 kuwa desimali, Benny alijumlisha 5 na 10, akapata 15, akatia nukta: 1.5. Kwa sheria hiyo hiyo, 4/11 ilikuwa 1.5, na 11/4 nayo ikawa 1.5. Hilo halikumsumbua. Alikuwa amejifunza kwamba hisabati ni mchezo wa kuotea jibu lililomo kwenye ufunguo, na kwamba majibu mengi yaliyo tofauti huenda yakawa kitu kimoja kilichoandikwa kwa namna tofauti.

Kila nikisahihisha rundo la madaftari usiku namfikiria Benny. Karatasi zake zilikuwa nzuri za kutosha. Kilichomfichua ni mtu kuketi naye na kumwuliza.

Mwalimu mwenzangu atasema ndiyo maana KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, inatoa alama za njia. Ni kweli. Katika mwongozo wa kusahihisha hisabati kuna alama za M kwa njia na alama za A kwa usahihi wa jibu, na mtahiniwa anayeonyesha hatua zake hapotezi kila kitu akikosea mwishoni. Ni utaratibu wa haki na ninauheshimu. Lakini ule mstari wa 60 jumlisha 40 gawanya kwa 2 ungepata M na A kwa vijana wote wawili, kwa sababu njia iliyoandikwa ni moja. Alama ya njia inapima mwanafunzi alifanya nini. Kwa nini alifanya hivyo ni swali jingine, na karatasi haina mahali pa kulijibia.

Kwa nini kusema, na kwa nini kurekodi

Kueleza hakumsaidii mwalimu peke yake. Kunambadilisha anayeeleza. Mwaka 1989 mtafiti Michelene Chi na wenzake waliwafuatilia wanafunzi waliokuwa wakisoma mifano ya fizikia iliyokwisha kufanywa, wakaona kwamba waliokuja kutatua maswali vizuri ni wale waliokuwa wakijieleza kila hatua: hii imetoka wapi, hii inafuata kwa sababu gani. Mwaka 1994 Chi akajaribu na wanafunzi wa darasa la nane, akiwapa maandishi kuhusu mzunguko wa damu. Walioombwa kuieleza kila sentensi waliyoisoma walielewa zaidi kuliko wale walioyasoma maandishi yale yale mara mbili. Mdomo unapotafuta neno, akili nayo inalazimika kutafuta kiungo kinachokosekana.

Upande wa pili ni ule wa mtu kudhani anajua. Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2002 utafiti ambamo waliwauliza watu wanaelewa kwa kiasi gani jinsi vitu vya kila siku vinavyofanya kazi, kama vile zipu, kufuli na choo cha kuvuta maji. Watu wakajipa alama nzuri. Wakaambiwa waeleze hatua kwa hatua. Walipomaliza, wakaulizwa tena, na alama walizojipa zikashuka. Nimeiona hali hii mara nyingi kwenye chumba chetu cha vitabu: mwanafunzi anaanza kwa kujiamini, anafika hatua ya tatu, kalamu inasimama. Hakuna aliyemkosoa. Amejisikia mwenyewe.

Sasa, mbona asieleze darasani tu, kwa nini simu iingie kati? Kwa sababu ya saa na kwa sababu ya watu. Kipindi ni dakika 40 na darasa lina wanafunzi 45. Hata mwalimu asiposema neno, kila mmoja hapati dakika nzima. Na hao wanaopata ni wale wale. Mtafiti Mary Budd Rowe alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu wa Marekani walisubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, wanafunzi waliozoea kunyamaza wakaanza kusema, na "sijui" zikapungua. Kusubiri mbele ya darasa zima, wenzako wakiguna na mikono ikipungwa, ni kazi ngumu kwa mwalimu na mateso kwa mwanafunzi. Simu haichoki kusubiri.

Waliopita chuoni, yaani madrasa, wanajua namna nyingine ya kusikilizwa. Mnaweza kuwa watoto arobaini mnasoma kwa sauti moja, lakini zamu yako ikifika unaketi mbele ya mwalimu peke yako. Anasikiliza macho yakiwa pembeni, na harufi moja ikipotoka anakurudisha. Hakuna mtoto anayepita bila kusikiwa. Lengo pale ni matamshi yawe sawa, na hapa tunatafuta sababu, kwa hiyo silinganishi mambo mawili yasiyofanana. Ninachosema ni kwamba mji huu wa Mombasa unajua tangu zamani thamani ya kumsikiliza mtoto mmoja kwa wakati wake, na katika shule za sekondari tuliiacha kwa sababu ya wingi wa wanafunzi.

Swali ndilo lenye kazi

Mara yangu ya kwanza niliharibu, na nilichukua muda kujua nilipoharibu. Niliwaambia wanafunzi: elezeni mlivyopata jibu. Nikapata video arobaini na kitu za watu wakinisomea daftari. "Sitini jumlisha arobaini ni mia, mia gawanya kwa mbili ni hamsini." Nilikaa mpaka saa nne usiku nikitazama kile kile nilichokuwa tayari nimekisahihisha, sasa kikiwa na sauti. Nikawalaumu wanafunzi, kisha nikalisoma tena swali langu. Walikuwa wamelijibu sawasawa.

"Ulipataje" huzaa hatua. Ukitaka sababu lazima uulize kitu ambacho hatua peke yake haiwezi kukijibu. Hiyo mbili ni ya nini? Mwenzako ameandika 50 kwa safari ya kwenda na kurudi. Alikuwa akifikiri nini, na amepotea wapi? Ni kitu gani ukikibadilisha kwenye swali hili, njia yako haitafanya kazi tena? Hili la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwanafunzi aliyekariri hana pa kulianzia, na aliyeelewa anaweza kuzungumza mpaka umwambie basi.

Mpe pia mtu wa kumweleza. Muuzaji wa leso wa Biashara Street amepandisha bei ya leso ya shilingi 1,000 kwa asilimia 20, halafu ikaja wiki ya kuwavutia wateja akaishusha kwa asilimia 20. Mama mmoja anasema bei imerudi pale pale. Mweleze mama huyo. Video zilizotoka hapo zilikuwa na uhai, kwa sababu kila mwanafunzi ana mama, shangazi au nyanya anayefanya biashara, na alikuwa akimwona usoni anapozungumza. "Mama, ile ishirini ya kwanza imetoka kwenye elfu moja. Hii ya pili inatoka kwenye elfu moja mia mbili. Si ishirini moja." Leso sasa ni shilingi 960. Binti aliyesema maneno hayo hakuwahi kuinua mkono darasani muhula mzima.

Si hisabati peke yake. Katika historia, badala ya "taja sababu nne za Wareno kujenga Fort Jesus", ambazo kila mtoto wa Mombasa anazo kwenye daftari, muulize ni sababu ipi angeiondoa kwanza akilazimishwa, na kwa nini. Katika biolojia, mpeleke ukingoni mwa hori la Tudor maji yakiwa yametoka, amwonyeshe mtu asiyejua mizizi ya mikoko iliyochomoza juu ya tope, na aeleze mti ungepatwa na nini mizizi hiyo ikifukiwa.

Lugha ya kufikiria na lugha ya mtihani

Mtihani ni wa Kiingereza. Nyumbani, sokoni na kwenye feri ni Kiswahili, na kwa wengi kuna Kidigo, Kigiriama au Kitaita chini yake. Nilipowasha kamera, wengine walijikwaa kiasi kwamba ungedhani hawajui kitu. Mmoja akasimama katikati akaniuliza: "Mwalimu, naweza kusema kwa Kiswahili?" Nikamwambia sema. Ikatoka kama maji.

Tangu hapo tunarekodi mara mbili swali likiwa zito: kwanza kwa lugha anayotaka, halafu kwa Kiingereza. Watafiti Jill Adler na Mamokgethi Setati wa Afrika Kusini wameandika mengi kuhusu madarasa ya hisabati yenye lugha nyingi, na jinsi mwanafunzi anavyosafiri kutoka mazungumzo ya kawaida ya lugha yake hadi lugha rasmi ya somo. Ni safari, na kuuruka mwanzo wake hakumfikishi mtu mapema.

Lugha yetu nayo ina mitego yake, na video huifichua. Nimemfikiria sana yule kijana wa "kasi ziko mbili". Neno wastani lenyewe linavuta akili katikati. Husemwa mtu wa wastani, maisha ya wastani, si juu wala chini. Ukimwambia mtoto wa Kiswahili tafuta wastani wa 60 na 40, sikio lake linamwelekeza kati ya namba hizo, na katikati ni 50. Hakuwa mzembe. Aliifuata maana ya neno alilolijua tangu utotoni. Kusahihisha kosa bila kujua hilo ni kupiga kivuli.

Kuna hatari ya upande wa pili, nayo hapa Mombasa ni kubwa. Huu ni mji wa maneno tangu enzi za mshairi Muyaka bin Haji na kabla yake. Kijana aliyekulia barazani anajua kuzungumza. Anaweza kuijaza dakika nzima kwa utamu na ukabaki na tabasamu, halafu ukitafuta sababu humo huioni. Na yule anayesitasita, anayerudi nyuma, anayesema "ngoja, hapana", mara nyingi ndiye anayefikiri pale pale mbele yako. Mwalimu anayetoa alama kwa ufasaha atamzawadia wa kwanza na kumwadhibu wa pili. Kwa hiyo mimi sitoi alama kwa sauti, lafudhi wala kujiamini. Nasikiliza kama ametaja kila namba inasimamia nini, na kama kilichofuata baada ya "kwa sababu" ni sababu kweli au ni hatua ile ile imerudiwa kwa maneno mengine.

Mwenye kigugumizi mpe njia nyingine: sauti tupu, maandishi, au mazungumzo na wewe. Asilazimishwe. Na kwa mwanafunzi kiziwi anayetumia Lugha ya Ishara ya Kenya, video ni chombo kinachomfaa kuliko karatasi, mradi awepo wa kumwelewa.

Simu, feni na bando

Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na simuoni mwalimu mwenye haja ya kupigana na sheria hiyo. Ukitaka kila mwanafunzi arekodi nyumbani, umeshawagawa: mwenye simu yake, anayeazima ya kaka yake saa tatu usiku, na ambaye nyumbani kwao kuna kabambe tu, simu ndogo ya vibonye. Tena piga hesabu. Dakika moja ya video ya ubora wa 1080p inaweza kula megabaiti 60 na zaidi. Wanafunzi 45, dakika mbili kila mmoja, ni megabaiti 5,400, zaidi ya gigabaiti 5 za bando la mzazi na zako.

Simu moja ya mwalimu inatosha. Weka marundo mawili ya vitabu vyenye urefu sawa, rula mbili juu yake kama daraja, simu imelala juu ya rula ikitazama chini. Chini yake karatasi na mkono wa mwanafunzi. Ubora ushushwe mpaka 480p, maandishi yatasomeka. Video zihamishwe kwa waya, na bando halihusiki tena. Tatizo ninalokutana nalo zaidi ni sauti. Feni ya dari hulia, na kuizima mwezi wa Februari katika mji huu haiwezekani. Waya wa spika za masikioni wenye maikrofoni, ukining'inizwa karibu na mdomo, umenitatulia hilo.

Usijifunge kwa programu moja pia. Flipgrid ilizaliwa Chuo Kikuu cha Minnesota, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2018, ikaitwa Flip mwaka 2022, na mwaka 2024 ikaondolewa kama programu inayojitegemea. Walimu waliojenga kazi yao yote ndani yake walilazimika kuhama. Kamera ya simu na faili iliyopewa jina vizuri hazikuhamishi.

Wapo wanaosema video ni dawa ya akili unde (AI), kwamba programu inaweza kumwandikia mwanafunzi insha lakini haiwezi kumsemea. Sikubaliani kabisa. Inaweza kumwandikia maelezo naye akayasoma mbele ya kamera macho yakihama kushoto kulia, na kurekodi upya mara kumi mpaka isikike vizuri. Kinachosaidia ni kurekodi shuleni, mara moja au mbili tu, kalamu ikitembea wakati mdomo unasema, na swali la nyongeza lililoandikwa kwenye kikaratasi anachokifungua kamera ikiwa tayari inarekodi. Mwanafunzi akijua kwamba kusitasita hakumkatii alama, haja ya kusoma hupungua yenyewe.

Uso wa mtoto si wa kila mtu

Hapa nimewahi kufanya kosa ambalo nalijutia mpaka leo. Video moja ilinifurahisha sana, maelezo safi kutoka kwa binti aliyekuwa mnyamavu. Kwa furaha nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, niwaonyeshe watoto wao wanavyoweza. Ndani ya siku mbili ilikuwa imefika kwa wanafunzi wa mikondo mingine. Kulikuwa na neno moja alilolitamka vibaya, na neno hilo likawa jina lake. Hakurekodi tena muhula ule, nami sikuwa na cha kumwambia zaidi ya kumwomba radhi, yeye na mamake.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na inataka jambo lenyewe liwe kwa manufaa yake. Sura na sauti ni taarifa. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tusingoje faini. Idhini ya mzazi iwe kwa maandishi na ieleze nani atatazama na lini itafutwa. Kurekodi mkono na karatasi pasipo uso kunaondoa nusu ya wasiwasi, na wazazi wengi wa mabinti walitulia mara tu nilipowaonyesha kwamba kamera inatazama daftari. Muhula ukiisha, futa. Ulichotaka kukijua kiandike kwenye kitabu chako cha kumbukumbu: fulani anachanganya wastani na katikati. Mstari mmoja.

Nani ana muda wa kutazama?

Video 45 za dakika mbili ni dakika 90. Ukifundisha mikondo mitatu ni saa nne na nusu kwa swali moja. Hakuna mwalimu wa Kenya mwenye saa hizo, na anayekwambia azitafute hajui kazi yetu. Ndiyo maana sirekodi darasa zima. Wanafunzi sita kwa wiki, dakika moja na nusu kila mmoja, ni dakika tisa za kutazama, na darasa la 45 linaisha kwa wiki nane. Wengine wanaeleza wawili wawili kwa midomo yao bila simu, mmoja akiwa na kazi ya kuuliza "ya nini?" kila namba mpya inapotokea.

Dakika hizo tisa zimebadilisha ninavyofundisha kuliko rundo la madaftari. Nikisikia kosa moja kwa watu watatu kati ya sita, najua limejaa darasani, na kipindi kinachofuata naanzia hapo.

Wapo wanaoniambia tungoje mtaala mpya wa umilisi uenee. Darasa la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu Januari 2026, na miongoni mwa umilisi uliotajwa katika mtaala ni mawasiliano na ushirikiano, pamoja na kufikiri kwa kina na kutatua matatizo. Vizuri. Lakini wapo wanafunzi wa 8-4-4, mfumo wa zamani, ambao KCSE yao, iliyo ya mwisho, ni mwaka 2027, na hao nao wana vichwa.

Yule kijana wa "kasi ziko mbili" nilimrudisha kwenye chumba cha vitabu wiki iliyofuata, na swali la kwenda Malindi kwa 60 na kurudi kwa 40. Kwenye kikaratasi niliandika: kila namba uniambie ni ya nini. Nikatoka nje kama kawaida. Jioni nilipotazama, mkono wake uliandika 60 jumlisha 40, ukachora mstari wa kugawanya, ukaandika 2. "Hii mbili ni..." Kalamu ikabaki pale. Nilihesabu sekunde kumi na nne, feni tu inasikika. "Ni ya... Si saa mbili hii. Kwenda saa mbili. Kurudi ni..." Akaandika 120 pembeni, akagawanya kwa 40, akanyamaza tena. Halafu akapiga mstari juu ya hesabu yote ya mwanzo na kuanza upya.